UZI: Sheria ya Marekani ya 1970 ilivyokwamisha utafiti wa LSD, silosaibini na MDMA

#1 Mfamasia_Ughaibuni

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa uraibu kuna mchangiaji aliandika kwamba dawa zinazobadilisha fahamu, yaani LSD, uyoga wenye silosaibini na MDMA, zingekuwa na faida yoyote kwa mgonjwa, Wamarekani wasingezipiga marufuku. Wengi mkamuunga mkono. Nimeona nisijibu kule kwa mistari miwili, maana jambo lenyewe ni refu na linanihusu kikazi. Mimi ni mfamasia kwenye kitengo cha utafiti cha hospitali ya chuo huku Marekani, na dawa hizi napokea, napima na kutoa kwa ajili ya majaribio ya tiba.

Hoja ile imegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Dawa hizi hazikuzuiwa baada ya utafiti kuonyesha hazifai. Utafiti ulikuwa unaendelea, ukakatizwa, kisha kukosekana kwa utafiti kukawa ndio ushahidi kwamba hazifai.

Tuanzie Basel, Uswisi. Mkemia wa kampuni ya Sandoz, Albert Hofmann, alitengeneza LSD mwaka 1938, lakini ni 1943 ndipo alipogundua inachofanya kwenye akili ya mtu. Kuanzia 1947 Sandoz waliisambaza kwa madaktari na watafiti kwa jina la Delysid. Mwaka 1958 Hofmann huyohuyo akatenga silosaibini kutoka kwenye uyoga ambao Wamazateki wa Mexico walikuwa wakiutumia tangu enzi katika ibada zao za uponyaji. Mpaka katikati ya miaka ya 60 inakadiriwa wagonjwa 40,000 hivi walikuwa wameshapewa dawa hizi, na makala za kisayansi zilikuwa zimepita 1,000. Kule Saskatchewan, Kanada, daktari Humphry Osmond na wenzake waliwatibu walevi sugu kwa LSD. Kule Maryland walipewa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakiogopa kifo. Serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa inatoa ruzuku.

Watu hukimbilia kumtaja rais Nixon na sheria yake ya 1970. Lakini sheria ya kwanza kubana ilikuja 1962, na hiyo mimi naitetea. Ulikuwa wakati wa thalidomaidi, dawa ya kutuliza na kuzuia kichefuchefu iliyofanya maelfu ya watoto, hasa Ulaya, wazaliwe na viungo pungufu. Marekani iliponea kwa sababu mama mmoja wa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, Frances Kelsey, aligoma kuiidhinisha. Kongresi ikapitisha marekebisho ya Kefauver na Harris: mwenye dawa athibitishe kwamba inafanya kazi, isiwe tu kwamba haiui, na anayeijaribu kwa binadamu FDA imjue. Kabla ya hapo daktari aliweza kuagiza LSD kwa Sandoz akaletewa, akaitumia anavyoona mwenyewe. Waliokuwa wakifanya kazi hovyo walistahili kuzuiwa.

Mambo yaliharibika serikali ilipoacha kutofautisha maabara na mtaa. Mwaka 1963 chuo kikuu cha Harvard kiliwaondoa Timothy Leary na Richard Alpert, wanasaikolojia waliokuwa wakitafiti dawa hizi na kuzipigia debe. LSD ikasambaa kwa vijana, magazeti yakawa na habari hiyo kila siku. Mwaka 1965 ikaja sheria dhidi ya kuitengeneza na kuiuza bila idhini. Aprili 1966 Sandoz, wakiona jina lao linachafuka, wakaacha kuitoa na kuwataka watafiti warudishe akiba waliyonayo. Oktoba mwaka huohuo California ikaipiga marufuku. Katikati ya hayo seneta Robert Kennedy aliwaita maofisa wa serikali kwenye kamati yake, akawauliza kwa nini miradi iliyoonekana ya maana miezi michache tu iliyopita sasa inafungwa. Swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla ya kwenda mbele. Walikwenda mbele.

Tarehe 27 Oktoba 1970 Nixon akasaini sheria kuu ya dawa zinazodhibitiwa. Dawa zikapangwa kwenye majedwali matano. Jedwali la Kwanza ni la zile zinazosemwa kuwa na hatari kubwa ya kutumiwa vibaya, zisizo na matumizi ya kitabibu yanayokubalika Marekani, na zisizo salama hata chini ya usimamizi wa daktari. Humo wakaingiza heroini, bangi, LSD, silosaibini, na nyingine mbili za kubadilisha fahamu, DMT na meskalini. Kokeini iko Jedwali la Pili, ikimaanisha kisheria ni rahisi zaidi kutafiti kokeini kuliko uyoga.

Sheria haikuandika popote kwamba kutafiti ni kosa. Ilisema omba kibali. Lakini ili dawa itoke Jedwali la Kwanza unahitaji ushahidi wa majaribio makubwa kwa wagonjwa, na ikishakuwa humo majaribio hayo ndiyo yanayokuwa magumu kuliko yote. Ni kufunga sanduku huku ufunguo uko ndani.

Mwaka uliofuata, 1971, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Vienna ukabeba mtazamo huohuo ukaufanya wa dunia nzima. Tanzania na Kenya ni wanachama, kwa hiyo uamuzi wa Washington ulifika hadi kwenye vitabu vyetu vya sheria.

Kituo cha Spring Grove, Maryland, ndicho kilichojikongoja mpaka mwisho. Mwaka 1977 mgonjwa wa mwisho pale akapewa silosaibini, basi. Nitaendelea, nina zamu.

#2 Kipanga_wa_Moro

Nimekaa mkao wa kula. Tiririka mkuu.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu Mfamasia, umeandika vizuri lakini umepita haraka mahali ambapo mimi ningesimama. Hao watafiti wa miaka ya 50 hawakuwa malaika. Shirika la kijasusi la Marekani lilikuwa linawapa watu LSD bila wao kujua. Sisi Waafrika tunajua maana ya kufanyiwa majaribio na mtu mwenye nguvu. Sheria iliyokuja kuyazuia hayo mimi siwezi kuilaani.

#4 Mfamasia_Ughaibuni

Mzee wangu Mwalimu, shikamoo. Umegusa penyewe.

Ni kweli tupu. Mradi wa CIA ulioitwa MKUltra ulianza 1953, na Novemba mwaka huohuo mwanasayansi wa jeshi, Frank Olson, alikufa kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli New York, siku chache baada ya kuwekewa LSD kwenye kinywaji bila kujua. Baya zaidi kwangu ni Lexington, Kentucky. Pale kulikuwa na taasisi ya serikali iliyokuwa gereza na hospitali ya waraibu kwa pamoja. Daktari Harris Isbell aliwapa wafungwa LSD, wengi wao watu weusi, na kundi moja la watu saba aliwapa kila siku kwa siku 77 mfululizo. Malipo yao yalikuwa dawa ileile ya kulevya iliyowapeleka gerezani, au kupunguziwa kifungo. Nikisoma ripoti zake huwa najiuliza watu wale walikuwa nani majumbani kwao, maana kwenye makala wameandikwa kwa vifupisho tu.

Lakini Mzee, tazama jambo moja. Aliyefanya Lexington ni serikali yenyewe na aliyefanya MKUltra ni serikali yenyewe. Sheria ya 1970 haikuandikwa kwa ajili yao. MKUltra yenyewe wananchi hawakuifahamu mpaka katikati ya miaka ya 70, sheria ikiwa imeshapita. Kinachomlinda mtu asifanywe panya wa maabara ni ridhaa, bodi ya maadili na ukaguzi. Hayo yalikuja kwa njia nyingine, na nayaunga mkono yote. Jedwali la Kwanza lilimwondoa mgonjwa aliyekubali kwa hiari yake pamoja na daktari aliyefuata taratibu.

Na kulikuwa na cha kupoteza. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Norway, Teri Krebs na Pål-Ørjan Johansen, walikusanya majaribio sita ya zamani ya kutibu ulevi kwa LSD, yote yaliyochapishwa kati ya 1966 na 1970, wagonjwa 536 kwa jumla. Waliopata LSD, asilimia 59 walipata nafuu ya ulevi kwenye tathmini ya kwanza. Wa kundi la kulinganisha, asilimia 38. Majaribio yenyewe yalikuwa na kasoro za zama zake. Ila ni tofauti ambayo kwa dawa nyingine yoyote ingeleta jaribio kubwa la kuhakikisha mwaka unaofuata. Hii ilikaa kwenye majarida zaidi ya miaka 40.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Nimekuelewa kwenye ridhaa. Kwenye serikali kujichunguza yenyewe bado sijaridhika, ila endelea.

#6 Wakili_wa_Ilala

Naomba niongeze upande wa sheria, maana kesi ya MDMA ndiyo inayoonyesha mfumo ule ulivyo.

MDMA haikuwemo kwenye orodha ya 1970. Miaka ya 70 mwishoni na 80 mwanzoni baadhi ya wataalamu wa saikolojia Marekani waliitumia kwenye vikao vya tiba, na haikuwa kosa. Ilipoanza kuuzwa baa za Texas, DEA, wakala wao wa kupambana na dawa za kulevya, wakatumia mamlaka ya dharura Julai 1985 kuitupa Jedwali la Kwanza. Madaktari na wanazuoni wakapinga, kukawa na shauri mbele ya jaji wa utawala, Francis Young. Alisikiliza mashahidi, na Mei 1986 akapendekeza iwekwe Jedwali la Tatu ili madaktari waendelee kuitumia na kuitafiti. Pendekezo la jaji yule halimfungi mkuu wa DEA. Mkuu wa wakati huo, John Lawn, akalikataa.

Profesa Lester Grinspoon wa Harvard akakata rufaa. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikasema DEA wamekosea: hawawezi kusema dawa haina matumizi ya kitabibu kwa sababu tu FDA haijaidhinisha kuuzwa. Kwa miezi michache MDMA ikatoka kwenye jedwali. Machi 1988 ikarudishwa palepale, safari hii kwa maelezo marefu zaidi. Mwaka 1992 DEA wakaweka vigezo vitano vya kuamua nini ni matumizi yanayokubalika, kimojawapo kikiwa majaribio makubwa yaliyodhibitiwa vizuri. Kwa dawa isiyo na kampuni nyuma yake na isiyo na hataza yenye thamani, hicho kigezo peke yake kinatosha kuizuia milele.

Kwa mtazamo wangu wa kiuanasheria, ubovu uko hapa: chombo cha polisi ndicho chenye neno la mwisho juu ya swali la kitabibu.

#7 Mfamasia_Ughaibuni

Wakili msomi, asante sana, hilo nisingeliweka vizuri hivyo. Niongeze tu kwamba kutokana na vita ile Rick Doblin alianzisha shirika la MAPS mwaka 1986, akiwa na lengo la kuifikisha MDMA FDA kwa njia ya kawaida ya majaribio. Ilichukua miongo mitatu kufika majaribio ya awamu ya tatu, yale makubwa ya mwisho kabla ya kuomba idhini.

#8 Binti_Kilwa

Kaka Mfamasia, mimi nipo mwaka wa tatu famasi. Hicho kibali cha Jedwali la Kwanza kinatofautianaje na kile cha mofini? Maana mofini tunayo hospitalini, inafungiwa, ina rejista yake, maisha yanaendelea.

#9 Mfamasia_Ughaibuni

Dada, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Hapa nitakaa kidogo.

Mofini iko Jedwali la Pili. Daktari mwenye usajili wa kawaida wa DEA anaweza kufanya nayo utafiti bila kuanza upya. Nieleze utaratibu ulivyokuwa mpaka sheria ya Julai 2025 ilipoulegeza kidogo: kwa Jedwali la Kwanza usajili wako wa kawaida hauna kazi. Mtafiti anaomba usajili mwingine, anataja dawa ipi, kiasi gani, kwa andiko gani la utafiti. DEA wanalipeleka andiko kwa FDA walipime, ingawa FDA kwa jaribio la binadamu inakuwa inalipima tayari kwa njia yake. Bodi ya maadili ya chuo nayo inataka kuona vibali, na FDA inataka kuona bodi. Baadhi ya majimbo yana leseni yao juu ya hiyo ya taifa. California ina jopo zima la kupitia tafiti za namna hii. Usajili wa utafiti unahuishwa kila mwaka. Ukibadilisha andiko, unarudi kuomba.

Kisha anakuja mkaguzi. Anatazama sefu imefungwa sakafuni vipi, kengele ya wizi inalia wapi, nani ana namba za siri. Anauliza historia ya kila atakayeshika dawa. Silosaibini ya mgonjwa mmoja ni miligramu 25 hivi, kidonge kimoja. Kidonge hicho kina karatasi ya kuagizwa, ya kupokelewa, ya kuwekwa, ya kutolewa, na kama mgonjwa akiahirisha, ya kurudishwa na ya kuharibiwa. Kila hatua watu wawili wanasaini. Poda ikipungua kwa kiasi kidogo kilichoganda kwenye karatasi ya mizani, unaandika maelezo.

Mimi sina ugomvi na sefu wala saini. Mofini nayo naipenda ikae kwenye sefu. Ninachosema ni kwamba mtafiti kijana, mwenye miaka michache ya kujijenga kabla chuo hakijaamua kumbakiza au kumwachia, akiona kwamba mwaka wa kwanza na pengine wa pili vitaishia kwenye vibali, anachagua mada nyingine. Hakuna aliyemkataza.

Halafu dawa yenyewe itatoka wapi? DEA ndio wanaopanga kila mwaka kiasi cha kila dawa ya majedwali ya juu kinachoruhusiwa kutengenezwa nchi nzima. Kwa miaka mingi kwa silosaibini kilikuwa gramu chache tu. Ukitaka kuagiza nje, kibali kingine. Rick Strassman wa chuo kikuu cha New Mexico, aliyefungua tena njia hii, alihangaika kwa takriban miaka miwili kupata vibali na dawa inayofaa binadamu. Mwisho David Nichols wa chuo kikuu cha Purdue ndiye aliyemtengenezea DMT maabarani kwake. Strassman alianza 1990. Mpaka 1995 alikuwa amewapa watu waliojitolea 60 hivi dozi karibu 400.

Na fedha. Kutoka miaka ya 70 mpaka 2021 serikali ya taifa haikutoa ruzuku hata moja kwa ajili ya kupima tiba kwa dawa za kundi la LSD na silosaibini. Iliyokuja 2021 ilikuwa karibu dola milioni 4 kwa Johns Hopkins na wenzao, kuona kama silosaibini inasaidia kuacha sigara. Kabla ya hapo kazi yote ilibebwa na wafadhili binafsi kupitia mashirika kama Heffter na MAPS. Utafiti wa silosaibini wa Roland Griffiths wa Johns Hopkins wa 2006 uliofungua macho ya watu ulikuwa na washiriki 36. Ule wa 2016 wa wagonjwa wa saratani, 51, na miezi sita baadaye takriban asilimia 80 walikuwa bado na nafuu kubwa ya sonona na hofu. Matokeo mazuri mno, lakini watu 51! Na washiriki wengi mno wa tafiti hizi walikuwa wazungu, kwa hiyo hata leo mtu akiniuliza dawa hii inamfanyaje mtu mweusi aliyepitia mambo ya kwetu, sina data ya maana ya kumpa.

#10 Binti_Kilwa

Asante sana kaka. Naona sasa kwa nini hizi dawa hazimo kwenye vitabu vyetu zaidi ya aya moja.

#11 Tabibu_Wa_Vijijini

Wakuu, mimi niko kituo cha afya huku ndani, umeme wenyewe wa mgao. Ketamini ndiyo inayotufanyia upasuaji. Haihitaji mashine, mgonjwa anapumua mwenyewe, presha haishuki. Mama wa upasuaji wa dharura usiku, ketamini. Je, nayo iko kwenye hayo majedwali? Maana nakumbuka miaka ya nyuma tulisikia inataka kufungiwa.

#12 Mfamasia_Ughaibuni

Tabibu, heshima yako kubwa kwa kazi hiyo.

Ulisikia kweli. Mwaka 2015 China ilipendekeza kwenye tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya kwamba ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa mkataba uleule wa 1971, kwa sababu kwao vijana walikuwa wanaitumia vibaya. Shirika la Afya Duniani lilipinga. Kamati yake ya wataalamu ilikuwa imeshaipitia dawa hiyo zaidi ya mara moja na kila mara ikasema isidhibitiwe kimataifa, maana sehemu nyingi za dunia ndiyo dawa pekee ya usingizi iliyopo. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985. Pendekezo likaahirishwa. Lingepita, wewe na wenzako ndio mngeanza kuomba vibali vya kuagiza huku mama yuko mezani.

Na kwa mada yetu ketamini inafundisha sana. Nayo inabadilisha fahamu, nayo inatumiwa vibaya mitaani. FDA waliiidhinisha kama dawa ya usingizi mwaka 1970, mwaka uleule wa sheria ya Nixon. Marekani waliiweka kwenye jedwali mwaka 1999 tu, tena la Tatu. Kwa hiyo wakati watafiti wa Yale mwaka 2000 wanachapisha kwamba inapunguza sonona ndani ya saa chache, walikuwa wameichukua kwenye kabati la hospitali kama dawa nyingine. Wengine wakarudia, wakapanua, na Machi 2019 FDA ikaidhinisha esiketamini, aina ya ketamini, ya kupuliza puani kwa sonona sugu. Miaka 19 kutoka utafiti mdogo mpaka kwenye famasi. LSD ilianza mapema zaidi na bado haijafika.

#13 Kipanga_wa_Moro

Hii ya ketamini imenigusa. Mke wangu alijifungulia kwa ketamini.

#14 Nesi_wa_Likoni

Kaka, mimi ni nesi wa afya ya akili huku Mombasa, na nimefuatilia. Mbona mwaka wa 2024 MDMA ilipelekwa FDA na ikakataliwa? Hapo sheria ya 1970 haina lawama, walipewa nafasi yao wakashindwa.

#15 Mfamasia_Ughaibuni

Dada Nesi, ni kweli. Juni 2024 jopo la washauri lilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ufanisi kwa wenye kiwewe haujathibitishwa, na 10 kwa 1 kwamba faida hazizidi hatari. Agosti FDA ikakataa, ikataka jaribio lingine la awamu ya tatu. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kulikuwa na tabia mbaya isiyovumilika ya wataalamu wawili dhidi ya mgonjwa kwenye jaribio la awali kule Kanada. Data ya madhara haikukusanywa ilivyotakiwa. Na kuna tatizo ambalo halina mwenye kosa: aliyepewa MDMA anajua kapewa, aliyepewa kidonge kitupu anajua pia, kwa hiyo ile siri ya jaribio inavunjika na matumaini ya mgonjwa yanaingia kwenye majibu.

Ila tatizo hilo la mwisho linatatuliwa kwa kufanya kazi. Kujaribu dozi ndogo dhidi ya kubwa, kujaribu dawa nyingine ya kulinganisha, kubuni vipimo. Fani nyingine zilipata nusu karne ya kufanya hivyo. Hii iliachwa 1970 ikiwa na maswali yaleyale, ikayakuta yanaisubiri. FDA yenyewe ilitoa rasimu ya mwongozo wa majaribio ya dawa hizi mara ya kwanza Juni 2023. Na kwa sababu vyuo na serikali vilikaa pembeni, kazi ilibaki kwa wanaharakati walioiamini dawa kabla ya kuipima. Si watu wabaya, lakini anayeamini sana si mpimaji mzuri.

Jambo la heri ni kwamba Desemba 2024 idara ya maveterani ya Marekani ilitangaza kufadhili jaribio la MDMA kwa askari wastaafu wenye kiwewe na ulevi, mara yao ya kwanza kufadhili kitu kama hicho tangu miaka ya 60.

#16 Nesi_wa_Likoni

Nimekupata. Hiyo ya anayeamini sana naiona hata kwa wagonjwa wangu na waganga wao.

#17 Dada_wa_Watatu

Samahanini naingilia. Nina mdogo wangu wa kiume, sonona ya miaka, dawa za hospitali amebadilishiwa mara kadhaa. Kuna mtu anauza vidonge vya uyoga mtandaoni, anasema anatuma mpaka Dodoma. Baada ya kusoma huu uzi nimeshawishika. Nifanyeje?

#18 Mfamasia_Ughaibuni

Dada yangu, pole sana. Nakuomba usinunue.

Kwanza hujui kilichomo kwenye kile kidonge, wala muuzaji pengine hajui. Pili, kwenye majaribio mgonjwa anachunguzwa wiki kadhaa kabla. Mwenye historia ya skizofrenia kwake au kwa ndugu wa karibu anaondolewa, kwa sababu dawa hizi zinaweza kumwangusha vibaya. Baadhi ya dawa za sonona na za shinikizo la damu zinagongana nazo. Siku yenyewe anakaa na wataalamu wawili kwa saa sita mpaka nane, na vikao vya kuzungumza kabla na baada. Kidonge kikipelekwa Dodoma kwa basi hakina hata kimoja cha hivyo. Tatu, kwa sheria yetu ni kosa zito, na kijana mgonjwa mahabusu ni msiba juu ya msiba.

Mpeleke kwa daktari bingwa wa akili, Mirembe mnayo hapo hapo Dodoma. Uliza kama dozi zilifikia kiwango na kukaa muda wa kutosha kabla ya kubadilishwa, maana mara nyingi shida ni hiyo. Uliza tiba ya mazungumzo. Na kama kijana anasema maneno ya kujidhuru, mpeleke leo, usisubiri kliniki.

#19 Dada_wa_Watatu

Asante kaka. Nitampeleka. Hilo la dozi sikuwahi kuliuliza.

#20 Mto_Lualaba

Salaam kutoka Kisangani. Kwa majirani zetu Gabon kuna mmea wa iboga, watu wa dini ya Bwiti wanautumia tangu mababu. Wamarekani nao waliutia jedwalini?

#21 Mfamasia_Ughaibuni

Ndugu wa Kisangani, ndiyo, ibogaini, kemikali iliyomo kwenye iboga, iko Jedwali la Kwanza Marekani, ingawa mraibu wa heroini, Howard Lotsof, aligundua tangu 1962 kwamba ilimwondolea arosto. Kwa sababu ya sheria, Wamarekani wanaoitaka huvuka kwenda Mexico. Utafiti wa Stanford uliochapishwa Januari 2024 ulihusu askari wastaafu 30 waliotibiwa huko. Wanasayansi waliwapima kabla na baada, dawa yenyewe ikatolewa nje ya nchi. Ibogaini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka kuua, kwa hiyo ndiyo ingestahili kuliko zote kutolewa kwenye hospitali yenye vifaa. Mwaka 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa majaribio yake. Gabon waliitangaza iboga urithi wa taifa tangu 2000, na natumaini wataalamu wao watakuwa mezani, wasibaki kuuza mizizi.

#22 Wakili_wa_Ilala

Swali la mwisho mkuu: majimbo si yamesharuhusu uyoga? Oregon, Colorado?

#23 Mfamasia_Ughaibuni

Wakili msomi, Oregon wapiga kura walipitisha 2020, Colorado 2022. Mtu mzima anaingia kituo chenye leseni ya jimbo, anapewa uyoga, anasimamiwa. Sheria ya taifa haijabadilika. Kwa hiyo profesa wa chuo kikuu katika mji huohuo haruhusiwi kushika uyoga uleule bila usajili wa DEA, na chuo chake kinaogopa kupoteza fedha za serikali. Watu wanatumia, na wanaoweza kupima matokeo wamezuiwa kugusa.

Julai 2025 ilisainiwa sheria ya kudhibiti fentanili, dawa kali ya maumivu inayolevya, ambayo ndani yake imerahisisha kidogo usajili wa watafiti wa Jedwali la Kwanza: mwenye usajili wa dawa moja hapati shida ileile kuongeza nyingine, na jengo la jirani halihitaji kibali chake. Naishukuru. Lakini upande wa pili DEA mwaka 2022 walitaka kuingiza Jedwali la Kwanza DOI, kemikali ambayo maabara nyingi zinaitumia kwa panya kuchunguza vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli za ubongo ambako dawa hizi zinafanya kazi. Wanasayansi wakapinga, wakaiondoa hoja, na Desemba 2023 wakairudisha.

Na kuna kesi ya Sunil Aggarwal, daktari wa tiba shufaa Seattle. Anahudumia wanaokufa kwa saratani. Sheria ya 2018 inampa mgonjwa wa namna hiyo haki ya kujaribu dawa iliyopita awamu ya kwanza ya majaribio, na silosaibini imepita. DEA wakamkatalia. Mwaka 2022 akaomba ihamishiwe Jedwali la Pili, wakamkatalia tena kwa barua fupi. Oktoba 2023 mahakama ya rufaa ikasema barua ile haijitoshelezi, ikaamuru DEA waeleze sababu au walifikirie upya ombi. Sababu waliyokuwa wameiandika ni kwamba silosaibini haina matumizi ya kitabibu yanayokubalika.